Albert Reynolds: Kutoka Ukumbi wa Dansi hadi Meza ya Amani



Kila uchaguzi unapokaribia, husikika hoja moja ambayo huenda nawe umepata kuisikia, au hata kuitamka: mchagueni fulani, kwa maana ameendesha biashara yake ikastawi, basi na nchi itastawi mikononi mwake. Hoja hii ina mvuto wake. Mfanyabiashara anajua thamani ya fedha, anajua uchungu wa kulipa mishahara mwisho wa mwezi, na hangoji kamati tatu ziketi ndipo akate shauri. Lakini je, nchi ni duka? Badala ya kulijibu swali hili kwa maneno matupu, nakualika tumfuate mtu mmoja wa Ayalandi ambaye maisha yake yanalijibu kwa pande zote mbili. Jina lake ni Albert Reynolds. Biashara ilimfundisha jambo lililosaidia kunyamazisha bunduki, na biashara hiyohiyo ilimjengea mazoea yaliyozivunja serikali zake mbili.

Kabla hatujaanza safari, tujue kwanza uwanja wenyewe. Ayalandi ni kisiwa kilicho magharibi ya Uingereza. Baada ya vita vya kudai uhuru, kisiwa kiligawanywa mwanzoni mwa miaka ya 1920: sehemu kubwa ikawa dola inayojitawala yenye makao yake Dublin, na kaunti sita za kaskazini zikabaki chini ya Uingereza. Huko kaskazini, Waprotestanti wengi walitaka kubaki na Uingereza, na Wakatoliki wengi walitamani kisiwa kiwe kimoja. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 mvutano huo ukageuka kuwa mauaji, na kwa miaka 30 zaidi ya watu 3,500 walipoteza maisha.

Jambo la pili ni la lugha, na wewe unayejifunza Kiswahili hutakosa kulithamini. Waairishi wengi leo huzungumza Kiingereza, lakini vyeo vikuu vya dola yao vimebaki katika lugha ya wazee wao. Bunge la wawakilishi huitwa Dáil. Waziri Mkuu huitwa Taoiseach, neno linalotamkwa karibu na "tishok", na maana yake ni kiongozi au mkuu wa watu. Hata magazeti ya Kiingereza huliandika neno hilo bila kulitafsiri.

Kijana wa reli na kumbi za dansi

Reynolds alizaliwa tarehe 3 Novemba 1932 huko Rooskey, kijiji kidogo kilicho kando ya mto Shannon katika kaunti ya Roscommon. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto wanne, na baba yake alikuwa seremala. Alisoma katika shule ya bweni ya Summerhill mjini Sligo, lakini hakwenda chuo kikuu. Katika miaka ile ya 1950 ajira zilikuwa haba mno nchini Ayalandi, na vijana kwa maelfu walipanda meli kwenda kutafuta riziki Uingereza na Marekani. Yeye alipata kazi ya ukarani katika shirika la taifa la usafiri, akawa anahesabu tiketi na mizigo ya reli. Kwa kijana wa kijijini, hiyo ilikuwa kazi ya uhakika yenye pensheni, na wengi wangeishikilia mpaka uzeeni.

Kaka yake Jim, aliyekuwa amerejea kutoka Australia, alikuwa na wazo lingine. Aliona kwamba vijana wa mashambani hawakuwa na mahali pa kukutania. Ndugu hawa wawili wakajenga ukumbi mkubwa wa dansi Rooskey, wakauita Cloudland. Ulipofanikiwa, wakajenga mwingine, na mwingine tena, katika miji ya kaunti mbalimbali: Roseland, Dreamland, Jetland, Lakeland. Kumbi hizo hazikuuza pombe, bali soda na chai. Wavulana walisimama upande mmoja, wasichana upande wa pili, na bendi ikapiga mpaka usiku wa manane. Wakati wa Kwaresima dansi zilisimama, kwa sababu Kanisa Katoliki lilikuwa na nguvu kubwa na hapana aliyethubutu kulipuuza.

Zilikuwa siku za neema kwa biashara hiyo. Wanamuziki wakubwa wa Marekani walifika katika kumbi za Ayalandi, na mwaka 1963 Jim Reeves mwenyewe alizuru nchi hiyo. Jina hilo si geni kwetu. Waulize wazee wa Afrika Mashariki waliokuwa na redio nyumbani, watakuimbia nyimbo zake bila kuangalia karatasi.

Fikiri jambo ambalo biashara hiyo ilimfundisha Reynolds. Mwenye ukumbi hulipa bendi kabla ya kujua kama watu watakuja. Hucheza kamari na mvua, na mavuno, na ukumbi wa jirani. Makubaliano mengi hufungwa kwa kushikana mikono, naye asiyetimiza ahadi hupata sifa mbaya inayomtangulia kaunti nzima. Hapo ndipo alipojifunza kuhatarisha mtaji, kuamua haraka, na kumsoma mtu usoni.

Dansi zilipoanza kufifia, hakukaa kuzililia. Alijaribu mambo mengi: sinema, gazeti la Longford News la mjini kwake, na nyama ya nguruwe. Hatimaye alisimama imara na kampuni ya C&D Foods ya Edgeworthstown, kaunti ya Longford, iliyotengeneza chakula cha mbwa na paka na kukiuza hasa Uingereza. Wapo waliomcheka katika siasa kwa sababu ya biashara hiyo. Lakini katika mji mdogo ambao kiwanda chake huajiri watu, hapana anayecheka. Kiwanda ni ada ya shule, na ni sababu ya kijana kutopanda meli.

Kutoka kaunti hadi baraza la mawaziri

Mwaka 1974 Reynolds alichaguliwa kuingia katika baraza la kaunti ya Longford kwa tiketi ya chama cha Fianna Fáil. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1977, chama chake kilipata ushindi mkubwa, naye akaingia Bungeni kuwakilisha jimbo la Longford–Westmeath.

Hapa tutue kidogo tutazame mfumo wao wa uchaguzi, kwa sababu unaeleza mengi. Nchini Ayalandi jimbo moja hutoa wabunge kadhaa, na mpiga kura huwapanga wagombea kwa namba: wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kuendelea. Mgombea hushindana na wapinzani wake, na pia na wenzake wa chama kimoja. Hivyo jina linalojulikana kijijini huwa na uzito kuliko hotuba nzuri ya kitaifa. Mtu ambaye kila nyumba imecheza dansi katika ukumbi wake, imesoma gazeti lake, au ina ndugu kiwandani kwake, huingia katika kinyang'anyiro akiwa tayari ametangulia hatua kadhaa.

Mwishoni mwa mwaka 1979 chama kilipata kiongozi mpya, Charles Haughey, aliyemshinda mpinzani wake kwa kura 44 dhidi ya 38 za wabunge wenzake. Reynolds alikuwa miongoni mwa wabunge wachache waliomhangaikia Haughey mpaka akashinda. Malipo hayakuchelewa: mbunge wa miaka miwili tu akawa Waziri wa Posta na Simu, na pia Waziri wa Usafiri. Wakati huo wananchi walingoja kwa miaka kuunganishiwa simu. Reynolds alilishughulikia jambo hilo kama mwenye duka anayeona foleni mlangoni na rafu tupu ndani: alisukuma uwekezaji mkubwa katika mitambo mipya, na mafanikio yake yakawa ya kuonekana kwa macho.

Waziri huyu hakuwa na makuu. Siku moja alijitokeza katika televisheni ya taifa amevaa mavazi ya wachunga ng'ombe wa Marekani, akaimba "He'll Have to Go", wimbo wa Jim Reeves unaohusu mazungumzo ya simu. Wako waliofurahi, wako walioona aibu. Na mwezi Mei mwaka 1981 ndege ya shirika la Aer Lingus ilipotekwa na mtu aliyedai Vatikani itoe siri ya Fatima, ikatua Ufaransa, Waziri Reynolds alisafiri hadi huko kufuatilia kadhia hiyo mpaka abiria wakatoka salama.

Baadaye alikuwa Waziri wa Viwanda na Nishati, kisha Waziri wa Viwanda na Biashara, na kuanzia mwaka 1988 Waziri wa Fedha. Alijulikana kwa tabia moja: alitaka kila suala aletewe katika ukurasa mmoja. Ukimpelekea faili nene, angekuuliza kiini chake ni nini. Tabia hiyo humwokolea mtu muda. Je, humwokolea mtu na makosa? Shikilia swali hilo, tutalirudia.

Mseto wa kwanza wavunjika

Mwaka 1991 Reynolds aliona kwamba Haughey ameishiwa nguvu. Akaunga mkono hoja ya kumwondoa, akafukuzwa katika baraza la mawaziri. Miezi michache baadaye kashfa ya kusikiliza kwa siri simu za waandishi wa habari ilimlazimisha Haughey ajiuzulu. Tarehe 6 Februari 1992 wabunge 61 kati ya 77 wa Fianna Fáil walimchagua Reynolds kuwa kiongozi wao, na tarehe 11 akawa Taoiseach. Siku hiyohiyo aliwaondoa mawaziri wanane wa Haughey. Katika biashara, mwenye mali mpya huweza kubadili wasimamizi wote asubuhi moja. Katika siasa, kila aliyeondolewa hurudi kukaa nyuma yako Bungeni, akiwa na kumbukumbu ndefu.

Reynolds alikuwa ameirithi serikali ya mseto. Neno hili, ndugu msomaji, lina asili yake jikoni: mseto ni chakula cha mchele uliopikwa pamoja na choroko au kunde, vikapondwapondwa hata huwezi tena kutenga kimoja na kingine. Ndivyo ilivyo serikali ya vyama viwili. Wakenya, kwa ucheshi wao, waliiita ile yao ya mwaka 2008 "nusu mkate". Kwa vyovyote utakavyoiita, hekima yake ni moja: mwenzako ana sehemu yake, na hula kutoka sahani ileile.

Hekima hiyo ilimkosa Reynolds. Chama kidogo cha Progressive Democrats kilichokuwa mshirika wake alikiona kama mzigo wa kupita, na alikuwa amewahi kuuita ushirikiano huo mpango mdogo wa muda. Kiini cha ugomvi kilikuwa nyama ya ng'ombe. Miaka ya 1987 na 1988, akiwa Waziri wa Viwanda na Biashara, aliidhinisha serikali itoe bima kwa mauzo ya nyama nchini Iraki, nchi iliyokuwa vitani na Irani na isiyo na uhakika wa kulipa. Bima hiyo ilizinufaisha kampuni chache sana, na ikaja kubainika kwamba sehemu ya nyama iliyokatiwa bima haikutoka Ayalandi. Iwapo Iraki isingelipa, mlipa kodi wa Ayalandi ndiye angelipa. Tume ya uchunguzi iliundwa. Kiongozi wa chama mshirika, Desmond O'Malley, alitoa ushahidi uliomkosoa Reynolds, na Reynolds alipofika mbele ya tume akasema kwamba O'Malley si mkweli. Waziri mkuu kumwita mshirika wake mwongo, tena baada ya kula kiapo! Serikali ikavunjika, na katika uchaguzi wa Novemba 1992 Fianna Fáil ikashuka kutoka viti 77 hadi 68.

Hata hivyo hakuanguka. Chama cha Labour cha Dick Spring kilikuwa kimepata viti 33, na mwezi Januari 1993 vyama hivyo viwili vikaungana. Kwa pamoja vilikuwa na viti 101 kati ya 166, wingi mkubwa kuliko uliowahi kuonekana katika Bunge hilo.

Mwaka 1994 likazuka jambo lingine. Ayalandi ilikuwa na mpango wa kuwapa uraia wageni waliowekeza nchini, na ikajulikana kwamba familia moja tajiri ya kigeni ilikuwa imepata pasipoti baada ya kuwekeza zaidi ya pauni milioni moja katika C&D Foods, kampuni ya familia ya Waziri Mkuu. Spring aliipitia faili akasema taratibu zilifuatwa. Pengine. Lakini methali yetu husema: mwamba ngoma huvutia kwake. Anayewamba ngozi ya ngoma, hata akiwa mwaminifu, mikono yake huivuta upande wake. Ndiyo sababu sheria nzuri humtaka kiongozi atenganishe mali yake na ofisi yake, ili asipate nafasi ya kuvuta, na raia nao wasibaki kukisia.

Meza ya amani

Tukiishia hapo, tutakuwa tumemdhulumu. Sasa tazama upande wa pili.

Ulimwengu wa dansi aliotoka Reynolds haukujua mpaka. Bendi zilivuka kutoka kusini hadi kaskazini, na katika bendi moja waliweza kuwamo Wakatoliki na Waprotestanti. Tarehe 31 Julai 1975 bendi maarufu ya Miami Showband, ikirudi Dublin baada ya kupiga dansi kaskazini, ilisimamishwa barabarani na watu wenye silaha waliovaa sare za jeshi, na wanamuziki watatu wakauawa. Usiku huo vita viliingia mpaka ndani ya muziki.

Reynolds alipokuwa Taoiseach alitangaza kwamba amani ya kaskazini ndiyo kazi yake ya kwanza. Wengi walishangaa, kwani hakuwa amejulikana kwa msimamo wowote katika suala hilo. Pengine hilo ndilo lililomsaidia: biashara haigombi, na muuzaji hamwulizi mnunuzi dini yake. Waziri Mkuu wa Uingereza, John Major, alikuwa mtu aliyemfahamu tangu wote wawili walipokuwa mawaziri wa fedha. Walizozana vikali, wakarudi mezani, wakazozana tena, wala hawakuvunja urafiki.

Mwezi Oktoba 1993 ulikuwa wa damu. Bomu la IRA liliwaua watu 10 barabara ya Shankill mjini Belfast, akiwamo mmoja wa waliolibeba; wiki moja baadaye wanamgambo wa upande wa pili waliwapiga risasi watu waliokuwa wakistarehe katika baa ya kijiji cha Greysteel, wakawaua wanane. Wenye busara wengi walisema mazungumzo yamekufa. Reynolds hakuyaacha. Tarehe 15 Desemba 1993, jijini London, yeye na Major walitia saini Azimio la Downing Street. Uingereza ilisema haina maslahi ya kibinafsi ya kiuchumi wala ya kimkakati katika kuishikilia Ayalandi ya Kaskazini, na kwamba ni juu ya watu wa kisiwa wenyewe kuamua mustakabali wao. Ayalandi nayo ilikubali kwamba muungano wa kisiwa hauwezi kuja bila ridhaa ya walio wengi kaskazini.

Zingatia neno ridhaa, kwa maana ndilo uti wa mgongo wa azimio lote. Na zingatia jinsi lilivyoandaliwa. Reynolds aliwasikiliza wazalendo wa Kikatoliki, kama alivyotarajiwa. Lakini pia, kupitia mchungaji Roy Magee na Askofu Mkuu Robin Eames, alipokea maoni ya wanamgambo wa Kiprotestanti, watu ambao wasingeweza kuketi mezani pake, na orodha ya haki walizotaka zilindwe akaiingiza katika azimio. Kadhalika alimshawishi Rais Clinton wa Marekani awape viza watu wa upande wa IRA waliohitajika kuwatuliza wafuasi wao ng'ambo, na akasisitiza kwamba hatakubali mapigano yasitishwe kwa muda tu.

Tarehe 31 Agosti 1994 IRA ilitangaza kusitisha kabisa mapigano. Tarehe 13 Oktoba wanamgambo wa Kiprotestanti wakafuata. Amani hiyo ilikuja kutikisika mwaka 1996, ikarudi mwaka 1997, na Mkataba wa Ijumaa Kuu wa mwaka 1998 ukatiwa saini na viongozi wengine. Lakini mlango ulikuwa umefunguliwa katika kiangazi kile.

Mwiba mdogo

Siku 78 baada ya tangazo la IRA, Reynolds hakuwa na kazi.

Yalianza mwezi Julai, ripoti ya tume ya nyama ilipotoka. Watu wa Waziri Mkuu walitangaza kwa waandishi wa habari kwamba ametakasika, kabla hata washirika wao wa Labour hawajaisoma. Kisha likaja suala la Mwanasheria Mkuu, ambaye Reynolds alitaka kumpa uongozi wa Mahakama Kuu. Labour ilipinga. Wakati huohuo ikafichuka kwamba ofisi ya Mwanasheria Mkuu ilikuwa imekaa kwa miezi saba na hati za polisi wa kaskazini waliomtaka padri mmoja aliyewanajisi watoto, bila kuzishughulikia. Watu wakauliza: kwa nini? Nani alizichelewesha? Tarehe 11 Novemba 1994 Reynolds alipitisha uteuzi ule katika baraza la mawaziri, huku mawaziri wa Labour wakiwa wametoka. Siku zilizofuata swali likawa: Waziri Mkuu alijua nini, alikijua lini, na kwa nini Bunge halikuambiwa yote? Tarehe 17 Novemba alijiuzulu. Yeye mwenyewe alistaajabu kwamba mtu anaweza kuvuka vikwazo vikubwa akaja kujikwaa katika vidogo.

Wahenga walikwisha kutuonya: mdharau mwiba, mguu huota tende. Lakini nakusihi, msomaji, usikubali upesi kwamba mwiba ule ulikuwa mdogo. Kwa watoto walioumizwa na yule padri, zile hati zilizolala ofisini hazikuwa kikwazo kidogo. Faili lile lilikuwa zito mno kutoshea katika ukurasa mmoja.

Kisa hakikuishia hapo. Gazeti la Sunday Times la London liliandika kwamba alilidanganya Bunge kwa makusudi. Reynolds akalishtaki. Mwaka 1996 jopo la raia waliosikiliza kesi liliona kwamba habari ile haikuwa ya kweli, lakini likampa fidia ya sifuri, ambayo jaji aliigeuza kuwa senti moja ya Uingereza. Kesi ikapanda ngazi hadi Mabwana wa Bunge la Uingereza, na mwaka 1999 hukumu yao ikaweka kanuni mpya: mwandishi aliyefanya kazi yake kwa uwajibikaji, katika jambo lenye maslahi kwa umma, anaweza kujitetea hata kama baadaye itaonekana alikosea. Kanuni hiyo ilisomwa na mawakili katika nchi nyingi za Jumuiya ya Madola kwa jina la Reynolds. Hivyo mtu aliyekwenda mahakamani kulitetea jina lake, akaliacha jina hilo kuwa ngao ya waandishi wa habari.

Mwaka 1997 alitaka kugombea urais wa Ayalandi, lakini chama chake kikamteua Mary McAleese badala yake. Alistaafu Bungeni mwaka 2002, akafariki dunia tarehe 21 Agosti 2014 akiwa na umri wa miaka 81. John Major alihudhuria mazishi yake.

Tujifunze nini?

Ni rahisi kusema kwamba Reynolds alikuwa mfanyabiashara mzuri na mwanasiasa mbaya, au kinyume chake. Mimi naona tofauti iko kwingine. Biashara huwafunga wawili wanaopeana mkono. Wengine wote hawahusiki, na asiyeridhika hutafuta duka jingine. Raia hana duka jingine. Katika makubaliano ya dola, walio nje ya chumba nao ni wenye mali. Katika kutafuta amani, Reynolds aliwakumbuka walio nje ya chumba: aliwatafuta, akawasikiliza kupitia wajumbe, akaandika maneno yao. Katika kuongoza serikali yake aliwasahau: mshirika aliyekuwa anakula sahani moja naye, Bunge lililongoja jibu, watoto wasio na sauti. Kipaji kilikuwa kilekile. Kilichobadilika ni nani aliyehesabiwa kuwa anahusika.

Basi, mfanyabiashara atakapokuja kuomba kura yako, usimkatae kwa kuwa ana mali, wala usimkubali kwa kuwa anayo. Muulize maswali matatu. Je, kampuni yako itapata nini kutoka serikalini ukiwa madarakani, na nani atakagua? Je, mshirika wako akikupinga, utafanya nini siku inayofuata? Na je, watu ambao hawatawahi kuingia ofisini kwako, utajuaje wanachokitaka? Sikiliza kwa makini anavyolijibu hilo la tatu.